Kompyuta Ilinipima Mimi, Ikamwandikia Orlaith

Mpendwa Bi Attracta,

Naomba msaada wako, na kabla hujaendelea kusoma naomba uniahidi kwamba jina langu halitatokea popote, kwa sababu hapa kwetu magharibi mwa Ireland watu hulifungua gazeti lako kwenye ukurasa wa vifo, kisha ukurasa wako, kisha ukurasa wa mnada wa ng'ombe, na mimi sitaki kuonekana kwenye wowote kati ya hizo tatu. Mtoto nitakayemtaja nimembatiza Orlaith, silo jina lake, na wengine wote nimewabatiza pia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka ishirini na saba kazini, shule yetu ina walimu watatu na watoto sitini na mmoja, na mimi nafundisha darasa la tatu na la nne katika chumba kimoja. Kila Februari watoto, kuanzia darasa la nne, hufanya jaribio la uwezo wa kufikiri kwenye mtandao, ambalo si mtihani wa waliyofundishwa bali ni la kuona akili ya kila mtoto inakwendaje, na lina sehemu nne, maneno, hesabu, mifuatano ya michoro, na ile ya mwisho ya kugeuza maumbo kichwani, ambayo Mungu anisamehe, sijui ilibuniwa na nani. Msimamizi hupewa kijitabu cha masharti. Huruhusiwi kumwelekeza mtoto, huruhusiwi kukunja uso wala kutabasamu karibu na jibu, na mtoto akikwama una ruhusa ya kumwambia maneno matatu tu: "Jaribu kadiri uwezavyo."

Siku ya jaribio, Bwana Lavelle, mwalimu mkuu wetu, alikuwa mazishini, kwa sababu mjomba wa dereva wa basi la shule alikuwa amefariki, na mazishi ya mjomba wa dereva wa basi si ya mtu kuyakosa. Asubuhi hiyohiyo mama yake Orlaith, Dervla, alipiga simu akasema, "Mwalimu, Orlaith haji leo. Ng'ombe kashikwa na uchungu, ndama kakaa vibaya, na huyu mtoto ndiye mwenye mkono mwembamba humu ndani." Nikamwambia hakuna neno, mtoto atafanya siku nyingine, na Bi Attracta, hadi hapo sikuwa na kosa lolote.

Kompyuta moja ilikuwa haitoi sauti tangu jana yake. Niliyekuwa nimepanga aitumie ni mtoto mmoja, Blánaid, basi nikampa ya ofisini, na watoto walipokuwa wameshatulia na hedifoni zao nikaona niijaribu ile mbovu, na karatasi ya nenosiri iliyokuwa imebaki mezani ilikuwa ya Orlaith, nikaiandika, nikavaa hedifoni, mwanamke mwenye sauti ya asali akaniambia, "Karibu, Orlaith, tuanze," nikafurahi kwamba sauti imerudi, nikabonyeza nikidhani natoka, kumbe naingia, na saa ikaanza kuhesabu kwenye kona. Kuisimamisha kunahitaji nenosiri la mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa kanisani. Nikaona dakika zikiisha na maswali hayajajibiwa mtoto wa watu atapata sifuri, basi nikasema moyoni nitajibu mawili matatu nimshikie nafasi yake, halafu nitamweleza Bwana Lavelle akirudi.

Nilinogewa. Sina neno lingine. Ile sehemu ya maneno niliimaliza dakika nyingi zikiwa zimebaki, nikakaa pale nimenyoosha mgongo, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, nikijiona msichana mwerevu kuliko wote darasani. Hesabu zikanipunguza kidogo. Michoro ikanitoa jasho. Kisha ikaja karatasi inayokunjwa mara mbili, inatobolewa tundu moja, na unaulizwa ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi, nami nikawa nainamisha kichwa kushoto, nainamisha kulia, ulimi uko nje, mpaka nikahisi mtu amesimama kando yangu.

"Mwalimu, umekwama?" Alikuwa Blánaid, amemaliza.

"Hapana. Naikagua mashine."

Akaniangalia, akaiangalia skrini, akanishika bega. "Jaribu kadiri uwezavyo," akasema, akaenda zake.

Nikajaribu kadiri niwezavyo, na hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu sikubahatisha, nilitia akili yangu yote. Bwana Lavelle alirudi saa nane ana furaha, ameniletea sandwichi za nyama ya mazishini kwenye karatasi ya fedha, akaniuliza, "Wote wamefanya?" na mimi kinywa kimejaa nikasema, "Wote."

Barua za matokeo huandikwa na mashine yenyewe na kwenda moja kwa moja nyumbani. Ya Orlaith ilisema ana uwezo wa maneno wa juu sana, tisa kati ya tisa, hujifunza vyema kwa kuzungumza na apewe nafasi ya kusimama mbele za watu. Kwa upande wa maumbo, moja kati ya tisa, huenda akahitaji msaada kusoma ramani, kufuata michoro na kukisia kitu kitaonekanaje kikigeuzwa. Sasa nikueleze Orlaith ni nani. Tangu Septemba nimemsikia akisema maneno labda arobaini, na kumi na mawili kati ya hayo yalikuwa "naomba kwenda msalani" mara nne. Lakini kitasa cha dirisha letu kilichowashinda mafundi wawili alikitengeneza yeye kwa kipini cha nywele, na kabla ya Krismasi alijenga daraja la vijiti vya aiskrimu lililobeba kamusi, tufe la dunia, na kiatu cha Bwana Lavelle juu yake.

Nakala ya barua ile niliisoma kwa sauti nyumbani wakati wa chai, nikijifanya nashangaa mambo ya mashine, na mume wangu Fergal akaweka kikombe chini.

"Huyo ni wewe," akasema.

"Ni mtoto wa darasa la nne."

"Mama, ni wewe. Anayezungumza sana na hawezi kusoma ramani? Nani aliunganisha lile kabati milango ikafungukia ndani? Nani alirudisha trela nyuma ikaingia kwenye bustani ya padri, mara mbili?" Akacheka mpaka akatoka nje kupumua, na aliporudi akanikuta nalia, ikabidi nimweleze yote, na tangu siku hiyo kila nikitafuta funguo za gari ananiita Orlaith.

Ningeweza kuishi na hilo. Lakini Bwana Lavelle ni mtu anayeamini karatasi. Alimtoa Orlaith kwenye kikundi cha watoto wanne wanaokwenda mashindano ya kujenga madaraja ya kaunti mwezi wa Mei, akampanga kukariri shairi la beti tisa kwenye tamasha la Pasaka, mbele ya ukumbi mzima. Na Dervla ana furaha hata namwonea huruma. Alinishika mkono mlangoni pa kanisa. "Tisa, Mwalimu. Tisa ya maneno. Na mimi miaka yote nafikiri mtoto wangu ana ububu kidogo, kumbe anayaweka akiba. Barua nimeibandika kwenye friji. Mama mkwe wangu akija namkalisha kiti kile kinachotazama friji."

Mazoezi ya shairi tunafanya kila siku baada ya chakula. Orlaith anasimama, anafungua kinywa, anakifunga. Jumanne iliyopita mlango wa kabati la rangi ulining'inia, na kwa mazoea nikamwambia, "Orlaith, hebu nitazamie hii bawaba." Hakusogea. Akasema, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia kutoka kwake, "Mambo ya maumbo siyawezi, Mwalimu. Nimepimwa." Nikamkumbusha daraja lake. Akasema labda lilikuwa bahati. Bi Attracta, sijawahi kuumia hivyo katika chumba kile, na nimewahi kuangukiwa na ubao.

Nimejaribu kumfungulia jaribio upya kimyakimya, mashine ikakataa mpaka mwalimu mkuu aandike sababu. Je, nimwambie Bwana Lavelle mashine ilichanganya majina? Je, ningoje jaribio la mwakani litasahihisha lenyewe? Au nimpe Orlaith msaada wangu binafsi wa maumbo baada ya shule, nimpandishe taratibu hadi arudi alikokuwa?

Nifanyeje, dada yangu? Tamasha ni wiki mbili zijazo.

Na ngoja niseme ukweli wote, maana nimeshafika huku. Adhabu siiogopi sana. Bwana Lavelle atanikaripia, ataandika barua, itapita. Ninachoogopa ni kwamba nikikiri, ile moja kati ya tisa itahamia kwangu, na kaunti nzima itajua kwamba mwanamke aliyewafundisha maumbo watoto wao, na wao wenyewe kabla ya watoto wao, mashine imempima pamoja na watoto wa miaka tisa na kumweka mkiani. Afadhali niitwe mdanganyifu.

Ni mimi,
Moja Kati ya Tisa

*

Mpendwa Moja Kati ya Tisa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili sikucheka. Nimekuahidi kutotaja jina lako na sitalitaja, ingawa ulipofika kwenye trela na bustani ya padri, mama yangu, ulikuwa umeshajitaja mwenyewe. Nusu ya parokia ilikuwepo.

Kwanza pole. Kubonyeza pasipopaswa kumetukuta sote. Mimi nilifanya kazi posta miaka thelathini, na kuna sanduku la soseji lililokwenda Australia kwa mkono wangu huu. Kujibu maswali mawili matatu ili mtoto asipate sifuri, hapo pia nakuelewa, moyo wako ulikuwa mahali pake. Kunogewa nako nakuelewa. Nani katika umri wetu huambiwa na mtu kwamba ni hodari wa jambo lolote? Ulikalishwa kwenye kiti, ukaulizwa maneno magumu, ukayajua yote. Ningekaa mimi nisingeinuka mpaka kengele.

Huruma yangu inaishia kwenye ile sandwichi. Uliulizwa swali la neno moja na mtu aliyekuwa tayari kukusikiliza, ukajibu kwa neno moja la uongo, na tangu siku hiyo kuna mtoto anayeishi ndani ya uongo huo kana kwamba ni nyumba yake. Unanieleza habari za Fergal, za friji, za mama mkwe, mambo matamu kabisa, na karibu na mwisho ndipo unaniambia kwamba msichana aliyejenga daraja la kubeba kiatu cha mwalimu mkuu sasa anaogopa bawaba. Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wako wa kwanza.

Na usinichekeshe na hicho cha msaada wa maumbo baada ya shule. Wewe umfundishe Orlaith maumbo? Wewe? Ni sawa na mimi nimfundishe Fergal kunyamaza.

Kuisingizia mashine, hapana. Mashine ndiyo pekee katika kisa hiki iliyofanya kazi yake vizuri. Ilimpima aliyeketi mbele yake na ikamwelezea hata mumewe akamtambua kabla ya chai kupoa. Ungoje mwakani? Mwaka kwa mtoto wa miaka tisa ni mrefu, ukiisha atakuwa haamini tena kwamba aliwahi kujenga chochote. Atalifanya jaribio hilo akiwa tayari ameamua kushindwa, na mashine itamkubalia.

Sasa nije kwenye hofu yako. Niliposoma habari ya karatasi inayokunjwa mara mbili nilichukua ukurasa wa gazeti hili, nikaukunja, nikautoboa kwa sindano ya kufumia, na kabla ya kuukunjua nikaandika matundu yatakuwa wapi. Nilikosa. Nikampa mhariri, akakosa. Kijana wa matangazo akapata, lakini yeye hajawahi kuandika sentensi isiyo na kosa, nami ndiye ninayemsahihishia kila wiki. Humu ofisini tumejaa moja kati ya tisa za kila namna, na gazeti linatoka kila Alhamisi. Watu watakucheka, sikufichi. Watakucheka wiki mbili, halafu mtu atarudisha trela nyuma mahali pengine. Na wale uliowafundisha wakiwa watoto wataenda nyumbani na kufikiri, kumbe alikuwa hayaoni kichwani hayo maumbo yake, na bado nilimwelewa. Umeona hilo? Miaka ishirini na saba umefundisha kitu kilichokuwa kigumu kwako. Mwalimu asiyekwama hajui mtoto amekwamia wapi.

Basi sikiliza, na usinirudie na barua nyingine kabla hujayafanya haya. Kesho, kabla ya kengele ya asubuhi, nenda kwa Bwana Lavelle ukiwa umesimama. Usimpelekee keki. Mwambie aliyejaribiwa kwa jina la Orlaith ni wewe, na kwamba ulimwambia "wote" ilhali haikuwa wote. Usimweleze habari za sauti ya asali wala za saa kwenye kona mpaka aulize. Mwambie aandike sababu ili mtoto apimwe upya, amrudishe kwenye madaraja siku hiyohiyo pasipo kungoja matokeo, na shairi apewe mwingine. Huyo Blánaid, kwa mfano, naona hana tatizo la kuzungumza na watu. Kama unataka nikuandikie maneno ya kumwambia, masharti ya kazi yangu yanafanana na ya kijitabu chako. Jaribu kadiri uwezavyo.

Jioni nenda kwa Dervla. Kwa miguu, usitume ujumbe wa simu. Atakukasirikia na ana haki. Umempa furaha ambayo haikuwa yake na sasa unakwenda kuibandua kwenye friji mbele ya mama mkwe. Usitetee lolote, kunywa chai utakayopewa hata ikiwa baridi, kisha mwambie habari ya daraja na kitasa cha dirisha, maana nina wasiwasi hajawahi kuambiwa. Watoto wasiosema huwa wanatengeneza vitu vya watu na hakuna anayerudi nyumbani kwao kusema. Mwambie mkono mwembamba uliogeuza ndama gizani, kwa kupapasa tu, bila kuona chochote, huo ulikuwa mtihani wa maumbo, tena mgumu kuliko wako, na alifaulu siku ileile uliyofeli wewe. Je, ndama aliishi? Hukunieleza. Naamini aliishi, la sivyo Dervla asingekuwa na furaha hiyo mlangoni pa kanisa. Hiyo ndiyo ya kubandika kwenye friji.

Akishakubali Dervla, zungumza na mtoto mwenyewe, mama yake akiwepo. Mtoto huyo haamini sifa, kwa hiyo usimsifu. Atadhani unamhurumia. Mpe ushahidi. Mwonyeshe ile barua na umwambie, "Hii ni yangu. Tisa ni yangu na moja ni yangu." Halafu toa karatasi mfukoni, ikunje mara mbili, itoboe tundu moja, mwombe akuonyeshe matundu yatakuwa wapi. Usijifanye hujui. Hujui kweli, na yeye ataliona hilo usoni mwako kabla hujasema kitu.

Atakaa kimya muda mrefu, usiharakishe kuujaza ukimya huo kama ulivyozoea. Na akikuuliza kama umekwama, sema ndiyo.

Bi Attracta